MASWALI YA WASOMAJI: Tsunami ikija, nani ataniambia?

Toka lile tetemeko la Kamchatka kule Urusi, tarehe 30 Julai 2025, lile la 8.8, maswali ya tsunami hayaishi mezani kwetu. Watu waliona kwenye TV Wajapani wanapanda vilimani na Hawaii foleni za magari hazisogei, sasa kila aliyepanga chumba karibu na maji anauliza, na sisi je? Nimechagua machache. Yule aliyeuliza kama tsunami inaweza kufika Dodoma namjibu hapahapa: hapana, lala.

Mimi ni mvuvi. Kila siku nasikia kuna mitambo baharini inapima tsunami. Haya ikishapima, mimi inaniambiaje? Maana nipo majini na kitochi changu. – Mvuvi, Kilwa Masoko

Ndugu yangu, mtambo haukuambii wewe. Tulimalize hilo kwanza maana ndipo wengi wanapochanganya. Maboya yapo kweli, kule kwenye kina kirefu kuna kifaa kimelazwa kwenye sakafu ya bahari kinapima uzito wa maji yaliyo juu yake, wimbi likipita uzito unabadilika, kifaa kinarusha habari kwenda kwenye boya linaloelea juu na boya linairusha kwenye satelaiti. Lakini kabla boya halijasema kitu vipima tetemeko vya nchi kavu vinakuwa vimeshajua, kwa sababu mtikisiko unapita ardhini haraka sana kuliko wimbi linavyopita majini, japo na wimbi lenyewe kwenye kina kirefu linakimbia kama ndege ya abiria, kilomita 700 kwa saa na zaidi.

Kwa Bahari ya Hindi kuna vituo vitatu vinavyokesha kwa ajili yetu sote: Australia, India (kipo Hyderabad) na Indonesia (Jakarta). Wao wanapiga hesabu tetemeko lilikuwa wapi, kubwa kiasi gani, wimbi litafika nchi gani saa ngapi. Halafu wanatuma taarifa kwa nchi. Hapo ndipo penyewe, wanatuma kwa NCHI, hawatumi kwa wananchi. Tanzania anayepokea ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, Kenya ni Idara ya Hali ya Hewa. Jakarta hawana ruhusa ya kumwambia mtu wa Kilwa ahame, uamuzi huo ni wa serikali yako. Kwa hiyo kutoka TMA habari inakwenda kwa watu wa maafa Ofisi ya Waziri Mkuu, inakwenda mkoani, wilayani, polisi, bandarini, redio na TV, mpaka imfikie mwenyekiti wa kijiji na watu wa BMU (kile kikundi cha kusimamia ufukwe) hapo dikoni kwenu, ndio ikufikie wewe. Mguu wa kwanza wa safari hiyo ni dakika chache. Huu wa mwisho, kutoka ofisini mpaka ufukweni, ndio unaoua watu dunia nzima, na majibu yote yanayofuata hapa chini yanazunguka hapohapo.

Angalia 2004. Tetemeko la Sumatra, Indonesia, lilipiga tarehe 26 Desemba, kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, Jumapili. Kituo cha Hawaii kiliona na kikatoa taarifa ndani ya dakika 15, lakini kile kilikuwa cha nchi za Pasifiki, kwa Bahari ya Hindi hakukuwa na mfumo wala orodha ya nani apigiwe simu. Wimbi likachukua masaa saba kufika Somalia na zaidi ya hapo kufika kwetu. Masaa saba! Ukitoka Dar kwa basi muda huo umeshaipita Morogoro zamani. Somalia wakafa karibu watu 300, kule Hafun ndiko kulikoumia zaidi, na wakati huo hawakuwa na serikali ya kusimama na kutangaza. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua kumi wakiwemo waliokuwa wanaogelea. Kenya alikufa mtu mmoja, Watamu, na fukwe za Mombasa polisi walikuwa wameshawatoa watu kwa sababu tu habari za Asia zilikuwa zimesikika mapema. Ni kweli wimbi lilipofika huku lilikuwa limechoka, sisemi polisi ndio walioizuia bahari. Lakini tofauti ya kusikia na kutosikia unaiona.

Sasa wewe mwenyewe ukiwa majini. Beba redio ndogo ya betri, kitochi kikipoteza mtandao redio bado inashika. Na ukisikia tahadhari ukiwa mbali, usikimbilie kurudi dikoni. Kwenye kina kirefu hilo wimbi linapita chini ya chombo hata hulioni, linanyanyuka likifika penye maji mafupi, na bandarini ndiko linakovunja vyombo. Kaa nje mpaka utangaziwe kwamba yameisha. Ila aliye nchi kavu asiende kuokoa mashua, mashua itanunuliwa nyingine.

Kwa nini kampuni za simu zisitutumie tu meseji wote? Mbona matangazo ya bahati nasibu yanatufikia mpaka usiku wa manane! – Msomaji, Tanga

Hahaha, umenishika hapo. Lakini hizo za bahati nasibu zinakuja kidogo kidogo, mwingine anaipata saa mbili mwingine saa tano na hakuna anayekufa kwa kuchelewa. Meseji ya kawaida inatumwa namba kwa namba, ukitaka kuwapelekea watu milioni moja inabidi zipange foleni, na siku ya taharuki kila mtu anampigia mama yake mtandao unajaa, yako inakufika kesho yake.

Wenzetu wanatumia njia nyingine ambayo mnara wa simu unarusha ujumbe mmoja na kila simu iliyo chini ya mnara huo inaupokea kwa wakati mmoja, haihitaji namba yako, haijali laini ni ya nchi gani, hata mtalii aliyeshuka jana anaupata, na simu inalia mlio wa ajabu hata kama umeiminya sauti. Meseji ni kupeleka barua mlango kwa mlango, hii ni adhana. Japani walianza nayo 2007. Chile nao wanayo.

Lakini usiiamini simu peke yake. Simu iliyozimwa haipati kitu. Na tetemeko likiwa la karibu umeme unakatika, mnara unabaki na betri, betri nazo zina mwisho. Ndio maana nchi zinazojua shida hii zinatangaza kwa njia tano sita kwa mpigo, simu, redio, TV, ving'ora, spika za mtaani, gari la polisi, ili ukikosa hii uipate ile. Mfumo wenye njia moja tu mimi siuhesabu kama mfumo.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Japani ndio wenye vifaa kuliko wote, sasa mbona 2011 walikufa watu wengi hivyo? – Mwanafunzi, Mombasa

Marahaba mwanangu. Swali zuri kuliko yote wiki hii, nitalikalia kidogo.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipiga saa nane na dakika 46 mchana kwa saa zao. Saa nane na dakika 49 tahadhari ilikuwa hewani. Dakika tatu! Kwa haraka huwezi kuwalaumu. Tatizo lilikuwa kwenye namba. Ndani ya dakika tatu hujaweza kupima tetemeko kubwa kiasi kile vizuri, kwa hiyo walilihesabu ni 7.9 kumbe lilikuwa 9.0. Wakatangaza wimbi la mita 6 mkoa wa Miyagi, na mita 3 mikoa ya Iwate na Fukushima. Sasa fikiria wewe unakaa Iwate, mbele ya mji wenu kuna ukuta, kwa mfano pale Taro ulikuwa mita 10, halafu unasikia kwenye redio mita 3. Utakimbia? Wengine walikaa kupanga vitu vilivyoanguka ndani. Na likaongezeka lingine, ikatangazwa kwamba wimbi la kwanza lililopimwa Ofunato ni sentimita 20. Namba ilikuwa ya kweli kabisa! Lakini masikioni mwa mtu ikasikika kama habari njema, aah sentimita 20.

Saa tisa na dakika 14 wakapandisha, Miyagi mita 10, Iwate na Fukushima mita 6, baadaye tena wakapandisha. Ila wakati huo umeme ulishakatika sehemu nyingi, TV zimezima, na walioondoka nyumbani waliondoka na ile namba ya mwanzo kichwani. Waliokufa na kupotea walizidi 18,000.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ningependa ukishike. Toka 2013, tetemeko likionekana ni kubwa kupita 8 na vipimo havijatulia, tahadhari ya kwanza haitaji mita kabisa. Inasema tu kwamba linakuja wimbi kubwa mno, ondoka, namba zitafuata. Na wimbi la kwanza likipimwa dogo wakati makubwa bado yanatarajiwa, hawasomi kile kipimo, wanasema tunaendelea kupima. Yaani waliamua kusema kidogo ili watu waelewe zaidi, na kwa mtu wa sayansi kuficha namba aliyonayo mkononi si jambo jepesi. Mimi naona ndiyo hatua kubwa kuliko boya lolote waliloweka.

Hata sauti ilibadilika. Zamani watangazaji wa NHK, televisheni ya taifa ya Japani, walisoma tahadhari kwa utulivu ili watu wasitaharuki. Siku ya mwaka mpya 2024, tetemeko la Noto, mtangazaji alipaza sauti karibu ya kufoka: kimbia sasa hivi, usirudi nyuma, kumbuka 2011. Wengine walishtuka kusikia televisheni ya taifa inamfokea mtu sebuleni kwake, na hayo ndiyo yaliyokuwa makusudi.

Mwanangu hasikii tangu kuzaliwa. King'ora kitamsaidia nini? – Mama, Lindi

Dada, hakitamsaidia, na uzuri wenzetu wameshaanza kuliona hilo. Japani toka 2020 walinzi wa fukweni wanapeperusha bendera ya miraba minne, miwili myekundu miwili myeupe, ikipepea maana yake toka majini tsunami inakuja. Imewekwa kwa ajili ya viziwi, lakini hata anayesikia vizuri akiwa ndani ya mawimbi na upepo hasikii spika, kwa hiyo imewafaa wote. Kitambaa na fimbo tu, ingekuwa kwetu fundi cherehani angeimaliza kabla ya adhuhuri. Kwa sasa hakikisha simu yake inatetema, na jirani mmoja wa uhakika mkabidhi jukumu kwa jina, usiseme tu "mtamuangalia".

Sisi Waswahili tulioko Muscat tupo salama zaidi au vipi? – Mzanzibari, Oman

Hapana kaka, ninyi mpo karibu na moto kuliko sisi. Ng'ambo yenu upande wa Pakistani na Irani kuna eneo la matetemeko linaloitwa Makran, na Novemba 1945 tetemeko la pale, lililokadiriwa 8.1, lilitoa tsunami. Oman ina kituo chake cha tahadhari pale Muscat toka 2015. Lakini tofauti yenu na sisi ni muda. Sisi likitokea Sumatra tuna masaa, mtu anaweza kuoga kabisa kabla ya kuhama. Ninyi likitokea Makran mna dakika. Kwa hiyo kama upo karibu na maji, ukisikia ardhi inatikisika kwa nguvu au inatikisika kwa muda mrefu hata kama kidogo, tahadhari umeshapewa, usisubiri simu ilie wala mtu wa serikali. Panda juu kwanza, meseji utaisomea hukohuko.

Nafanya kazi kwenye hoteli Nungwi. Shida yangu mimi ni hizi za uongo, watu wanatumiana voice note kwenye WhatsApp, wageni wanakimbia, baadaye hakuna kitu. Na nani anasema imeisha? – Mhudumu, Unguja

Una maswali mawili na yote magumu.

La uongo. Tofautisha uzushi na tahadhari iliyotolewa kihalali halafu wimbi likawa dogo. Tarehe 11 Aprili 2012 kulikuwa na tetemeko la 8.6 hukohuko Sumatra, tahadhari ikaenda Bahari ya Hindi nzima, watu wakahama, na wimbi likawa dogo kwa sababu miamba ilisuguana kwa ubavu badala ya kunyanyuka. Hilo huwezi kulijua dakika ya tano. Mtu aliyekuhamisha siku hiyo hakukudanganya. Voice note ya "jamani tsunami inakuja saa kumi, mjomba wangu yupo Ikulu" hiyo ndiyo uongo, na dawa yake ni hoteli yenu kuwa na namba moja ya kuuliza, ya TMA au ya watu wa maafa wa Zanzibar, imebandikwa mapokezi. Taarifa ya kweli inataja saa ya tetemeko, mahali, ukubwa, na nani ameitoa. Isiyotaja hayo usiisambaze.

La nani anasema imeisha, hapa nchi kubwa zimeumia. Chile, 27 Februari 2010, tetemeko la 8.8 usiku, kitengo cha jeshi la majini kilichokuwa na kazi hiyo kikatoa tahadhari halafu kikaifuta wakati mawimbi bado yanakuja. Watu zaidi ya 150 walichukuliwa na maji siku ile na maafisa wakafikishwa mahakamani. Palu, Indonesia, 28 Septemba 2018, tahadhari ilitoka ndani ya dakika tano, ikafungwa baada ya nusu saa hivi, na kilichoangaliwa ni kipimo cha Mamuju, karibu kilomita 200 kutoka pale, kilichoonyesha sentimita 6. Palu kwenyewe maji yalikuwa yameshaingia mjini, umeme umekatika, ving'ora havikulia na mjini hakukuwa na kipimo cha kuwaambia Jakarta kinachoendelea.

Kwa hiyo utaratibu wa mgeni wako uwe huu: tsunami si wimbi moja, ni msururu, unaweza kuendelea kwa masaa, na la kwanza mara nyingi silo kubwa. Kwenye mji unaoitwa Hilo, kule Hawaii, Mei 1960, ving'ora vililia masaa kadhaa kabla, watu wengi walivisikia, lakini wengine hawakuelewa vinawataka wafanye nini, wengine wakarudi mapema, wengine walishuka kwenda kuangalia. Walikufa 61. Hakuna kurudi ufukweni kuchukua kamera wala viatu mpaka aliyetoa tahadhari, yeye mwenyewe, aseme ameiondoa. Meneja wa hoteli hana mamlaka hayo, hata kama wageni wamelipia chakula cha jioni.

Je kuna tsunami ambazo hata hizo mashine hazizioni? – Msomaji, Mtwara

Zipo. 22 Desemba 2018, mlima wa volkano Anak Krakatau ulimomonyoka upande mmoja ukaingia baharini usiku, hakukuwa na tetemeko la kuwashtua, mfumo wa Indonesia ulikuwa umejengwa kusubiri tetemeko. Hakuna king'ora kilicholia, watu zaidi ya 400 wakafa, na mwanzoni mamlaka zilisema ni maji kujaa tu. Ndio maana hata nchi yenye mitambo inawafundisha watu dalili: maji kukupwa ghafla kupita bamvua lolote unalolijua, au kujaa ghafla, au mngurumo mkubwa kutoka baharini. Kisiwa cha Simeulue, hapohapo Indonesia, hawakuwa na mtambo wowote 2004 na walikuwa jirani kabisa na tetemeko. Ila babu zao walipigwa na tsunami 1907 na toka hapo watoto wanaimbiwa habari za "smong", ardhi ikitikisika halafu bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Kisiwa cha watu zaidi ya 70,000, wakafa saba.

Nimechaguliwa uenyekiti wa kijiji, tupo kandokando ya bahari. Bajeti sina. Nianzie wapi? – Mwenyekiti, Pangani

Hongera mwenyekiti, na pole. Anza na spika ya msikiti, ya kanisa kama ipo. Nani anakaa na ufunguo? Akisafiri anamwachia nani? Umeme ukikatika ina betri? Halafu andika sentensi mbili tu zitakazosomwa, ziwe tayari kwenye karatasi iliyobandikwa pale kwenye maiki, zikitaja watu waende wapi, maana siku yenyewe msomaji atakuwa anatetemeka na atabwabwaja. "Ondokeni ufukweni" haitoshi, sema "nendeni shuleni juu kwa miguu, acheni magari".

Hakikisha namba yako ipo wilayani na namba ya mtu wa pili ipo pia. Wale BMU wapewe kazi ya kwenda madikoni kwa bodaboda. Kule kisiwa cha Robinson Crusoe, Chile, usiku huohuo wa 2010 tahadhari ya serikali haikufika, binti wa miaka 12 ambaye babu yake alikuwa amepiga simu kutoka bara kusema wametikiswa, aliona mashua zinagongana majini akakimbia kupiga kengele ya kijiji. Wengi waliopona pale wanasema waliamshwa na kengele ile. Kengele mnaweza kununua, hata rimu la gari linalia vizuri.

Halafu mjaribu. Hawaii wanavijaribu ving'ora kila siku ya kwanza ya kazi ya mwezi, saa tano na dakika 45 asubuhi, mpaka vimekuwa sehemu ya maisha. Nchi za Bahari ya Hindi nazo zina zoezi lao la pamoja, linaitwa IOWave, kwa hiyo ulizia wilayani likija tena kijiji chako kiandikwe. Msisubiri hilo lakini. Chagueni asubuhi moja ambayo si siku ya gulio, pigeni, mtembee mpaka juu pamoja na bibi mwenye miguu mibovu kuliko wote kijijini, mmpime saa yeye, msiwapime vijana. Mkimaliza tuandikie mlitumia dakika ngapi, tutachapisha.